Vigo Ibaki au Revo Ije? Namna ya Kuamua Kabla Hujauza Pikapu Yako

Kila wiki napigiwa simu ileile. Mtu ana Toyota Hilux Vigo, imemtumikia miaka saba au minane, sasa imeanza kugonga asubuhi na kula hela za gereji. Ameona Revo nyeupe, Hilux ya kizazi kilichofuata, imeegeshwa mahali, rimu zinang'aa, anauliza: "Kaka, niuze hii nipande ile?" Akikata huyo anapiga mwingine kutoka Himo, ana Hilux ya zamani ya injini ya 5L na anataka kuruka moja kwa moja. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

Mimi si fundi. Nabeba mizigo: ndizi na parachichi kutoka Kibosho na Uru kuleta Arusha, na msimu wa vitunguu nakwenda Mang'ola. Ila nimekalia mabenchi ya gereji za Unga Limited saa nyingi kuliko nilizokaa kanisani, na mke wangu ni shahidi.

Kosa kubwa ninaloliona ni moja. Mtu analinganisha gari lake lililochoka na gari la mwenzake lililotoka kuoshwa. Hapo Revo itashinda kila siku. Unachotakiwa kulinganisha ni gari lako likiwa limeshatengenezwa, na lile jipya likiwa limeshakaa mikononi mwako mwaka mzima, limeshakunywa mafuta yako na kupita mashimo yako. Hatua zote hapa chini zinalenga hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kumbukumbu za mafuta na gereji za miezi sita. Kama huandiki, rudi kwenye ujumbe wa miamala ya simu, utakuta mengi. Kama hakuna kabisa, anza leo kuandika na usiamue chochote kwa miezi miwili.
- Mafundi wawili. Wa kwanza ni wako anayelijua gari lako. Wa pili awe na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na asiwe rafiki wa muuzaji wala wa dalali.
- Tochi, kitambaa cheupe, na sumaku ndogo kama ile ya spika iliyokufa.
- Nusu siku ya asubuhi, na mzigo wako wa kawaida.
- Kiasi cha hela ulichonacho kweli. Ile ya "mzee akiuza kiwanja Boma Ng'ombe" haihesabiwi.

Vizazi kwa ufupi

Nadharia ni hii tu, usiruke.

Hilux ya kizazi cha sita, ile ya kuanzia 1997, wengi wetu tunaijua kwa injini za 3L (sisi 2,779, yaani ukubwa wa injini) na 5L (sisi 2,986). Haina tabo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), haina kompyuta ya maana, pampu yake ni ya kawaida. Ikiharibika Loliondo, fundi wa Loliondo ataitengeneza.

Vigo ilianza 2004 ikaenda hadi 2015. Humu ndimo zilimoingia injini za dizeli za D-4D: 2KD ya sisi 2,494 na 1KD ya sisi 2,982. Zina tabo, nozeli za umeme (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), na taimingi belti (mkanda unaoendesha vali).

Revo ni ya 2015 kuja mbele. Injini zake ni 2GD ya sisi 2,393 na 1GD ya sisi 2,755. Gia kwa nyingi ni sita, na badala ya belti ina cheni. Mwaka 2020 ile ya lita 2.8 (1GD) iliongezewa nguvu kutoka farasi 177 hadi 204, na kwenye gia za otomatiki nguvu ya kuvuta ikafika nyutoni mita 500. Novemba 2025 Toyota ilionesha kizazi cha tisa huko Thailand, kwa hiyo muuzaji wa Revo akikuambia "hii ndiyo ya mwisho", tabasamu, kisha punguza bei.

Hatua ya 1: Andika njia zako, siyo ndoto zako

Chukua karatasi. Andika safari zako za mwezi uliopita, moja moja: ulikotoka, ulikokwenda, kilomita, mzigo, hali ya barabara. Usiandike ile safari ya Dar unayoipanga tangu mwaka juzi.

Angalia karatasi inasema nini. Mtu anayezunguka Sakina, Kilombero na Njiro mjini Arusha siku nzima na kilo 300 mgongoni hana shida ambayo Revo inaitatua. Anayepandisha tani karibu moja kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu mara tatu kwa wiki anayo, hasa kama anatumia 5L. Injini isiyo na tabo hupungukiwa pumzi kadiri unavyopanda, na ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200. Mwenye 5L anajua ninachosema: gia ya pili, mguu umefika chini, na basi la shule linakupita.

Andika pia ukubwa wa mzigo, kwa maana ya nafasi. Hapa wengi wamelia. Singo kebini ina bodi ya urefu wa mita 2 na ushee, dabo kebini ina kama mita 1 na nusu. Ukitoka singo kebini ya zamani kwenda dabo kebini mpya kwa sababu watoto wamekua, kreti zako za nyanya hazitaenea. Jamaa mmoja wa Tengeru aligundua siku ya soko, asubuhi, mbele ya wateja.

Hatua ya 2: Pata bei ya kulifufua gari lako

Peleka gari kwa fundi wako na umwambie maneno haya: "Niandikie kila kitu ambacho ungekibadilisha kama gari hili lingekuwa lako na unataka likae miaka mitatu." Usimwambie unataka kuuza. Ukimwambia, atakuandikia ya kupaka rangi.

Kwa Vigo, hakikisha orodha imegusa haya:

- Nozeli na washa zake za shaba. Kwenye 1KD na 2KD washa zikianza kuvujisha, moshi wa mwako unaingia kwenye oili na kuifanya lami. Lami inaziba chujio la kunyonyea oili chini ya injini. Siku hiyo taa ya oili ikiwaka, umechelewa. Mwambie fundi ashushe sampu (bakuli la oili chini ya injini) aangalie, asikisie.
- Taimingi belti. Hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Kama hukumbuki lini ilibadilishwa, ihesabu kuwa haijabadilishwa.
- Rejeta, klachi, bushi, shokapu, springi za nyuma, na mikono ya usukani.
- Chesisi. Apige nyundo taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma.

Chesisi ndiyo inayoamua. Ikiwa imepasuka na kuchomelewa mara mbili, au injini imefunguliwa mara ya tatu na bado inakula oili, ruka hadi hatua ya 5. Hilo gari halifufuliwi, linazikwa kwa heshima.

Kama chesisi ni nzima, chukua orodha yake kaulizie bei maduka mawili ya spea tofauti, moja Arusha na moja Moshi ukipenda. Uliza orijino na uliza za kawaida. Jumlisha na ufundi. Namba hiyo iandike kubwa.

Hatua ya 3: Hesabu pengo lote

Watu wanahesabu bei ya Revo kutoa bei ya Vigo, basi. Ongeza na haya:

- Gharama za kuhamisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) pamoja na ushuru wa stempu, na wakili wa mkataba.
- Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Gari la zamani ulikuwa unalikatia bima ndogo na kulala usingizi. Gari la bei hiyo huwezi. Na bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani, kila mwaka.
- Sevisi ya kwanza kamili: oili zote, machujio yote. Fanya hata kama muuzaji anaapa kaifanya jana.
- Matairi. Magari ya kuuzwa yana matairi ya kuuzia.
- Riba, kama unakopa. Chukua jumla ya marejesho yote, toa ulichokopa, hiyo ndiyo namba. Usikubali kuonyeshwa rejesho la mwezi peke yake.

Kama unaagiza nje badala ya kununua hapa, usitegemee makadirio ya dalali. TRA ina kikokotoo mtandaoni cha kodi za magari yaliyotumika. Weka modeli, mwaka, injini na nchi litokako, utaona kodi kabla hujatuma hata senti.

Tuseme, kwa mfano tu, Vigo yako inauzika milioni 28 kama ilivyo. Revo unayoitaka ni milioni 68. Pengo la juu juu ni 40. Ongeza milioni 4 za hayo niliyoyataja, inakuwa 44. Fundi wako kaandika milioni 7 za kulifufua lako. Tofauti ya kweli kati ya njia mbili ni milioni 37. Sasa swali limekuwa zuri: milioni 37 inakununulia nini?

Hatua ya 4: Pima milioni hizo zitarudi kwa njia gani

Jibu la kwanza la kila mtu ni mafuta. "Revo hainywi." Sawa, tuhesabu.

Tuseme unatembea kilomita 2,000 kwa mwezi. Vigo inakwenda kilomita 9 kwa lita, Revo 11. Vigo inakunywa lita 222, Revo lita 182. Umeokoa lita 40. Kwa dizeli ya shilingi 2,800 (weka bei ya mwezi wako, EWURA, wasimamizi wa nishati, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi), ni shilingi 112,000 kwa mwezi, au 1,344,000 kwa mwaka.

Gawanya milioni 37 kwa hiyo. Ni zaidi ya miaka 27. Mtoto atakayezaliwa leo atakuwa amemaliza chuo na anakuomba hilo gari kwenda nalo harusini.

Kwa hiyo mafuta hayalipi Revo. Yanayoweza kulipa ni haya:

Siku za gereji. Gari linalokuingizia 80,000 kwa siku likilala siku tatu kila mwezi, umepoteza 240,000, mara mbili ya yale mafuta. Lakini kuwa mkweli. Je, likishatengenezwa kwa zile milioni 7, bado litalala siku tatu? Mara nyingi tunalaumu uzee wa gari wakati kosa ni letu la kutengeneza nusu nusu kila mwezi.

Mzigo zaidi kwa safari. Kama unakataa kazi kwa sababu gari halipandi, hesabu kazi ulizokataa mwezi uliopita. Zihesabu kwa majina ya wateja, siyo kwa hisia.

Mkataba. Wapo wateja, hasa wa utalii na miradi, wanaoandika kabisa kwamba gari lisizidi umri fulani. Kama mkataba uko mezani umesainiwa, hesabu inabadilika yote. Kama ni maneno ya "mangi, ukiwa na Revo nitakupa kazi", subiri karatasi.

Usalama wa familia. Hili halina hesabu ya shilingi na silidharau. Mwenye kwenda Rombo kila Desemba na watoto wanne, breki za ABS na mifuko ya hewa inayofanya kazi ni sababu ya kutosha. Ila sema wazi kwamba ndiyo sababu yako, usiifiche nyuma ya hesabu ya mafuta.

Hatua ya 5: Jua gari jipya lilikotoka

Ukishaona hesabu inakubali, sasa unaruhusiwa kuangalia magari.

Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Muuzaji akikuapia kwamba Vigo yake ya 2010 "ilikuwa inaendeshwa na babu mmoja Japani", mwache amalize hadithi. Inawezekana iliuzwa na wakala aliyeko Japani, lakini barabara za Japani haikuzijua. Nyingi za mtumba hutoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini au Australia, na kila moja ina ugonjwa wake.

Za Uingereza angalia kutu chini. Kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chesisi kutoka ndani. Lala chini na tochi, usione aibu.

Za Uingereza, Australia na Japani za miaka ya karibuni pia huwa na chujio la masizi kwenye ekzosi, na baadhi hutumia maji ya urea. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi, na ili lichome linahitaji safari ndefu ekzosi ikiwa ya moto. Ukilitumia kwa safari fupi za mjini litaziba, taa itawaka, na gari litapoteza nguvu. Zilizotengenezwa kwa soko la Afrika kwa kawaida hazina kitu hicho. Kwa mtu wa Kilombero na Njiro, hiyo ndiyo ya kutafuta.

Na hili nitalirudia mpaka mchoke: nozeli za D-4D na za Revo hazisamehe dizeli chafu. Dizeli ya chupa za kando ya njia, au iliyochanganywa maji na mafuta ya taa, 5L itakohoa na kuendelea. Revo itakudai nozeli nne. Kama njia zako zinakulazimisha kununua mafuta ya madumu kule ndani Longido au njia ya Engaresero, ingiza hilo kwenye uamuzi.

Hatua ya 6: Likague likiwa baridi

Fika asubuhi, saa moja, bila kumwambia muuzaji saa kamili. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu alikuwa anakificha. Rudi kesho.

Washa mwenyewe. Sikiliza kama inagonga kwa dakika mbili za kwanza. Moshi mweupe usiokwisha, nozeli au maji. Wa bluu, oili. Mweusi unapokanyaga, hewa au mafuta hayako sawa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: ikipuliza kama birika, ondoka. Kifuniko cha rejeta kifungue *kabla* ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa. Ukikuta utando wa mafuta juu ya maji, ondoka pia. Usikifungue likiwa la moto, kuna watu Moshi mjini wana makovu usoni kwa hilo.

Pitisha kitambaa cheupe kwenye kijiti cha oili. Oili ya dizeli ni nyeusi, hilo ni kawaida, lakini isiwe na vipande wala nata ya lami. Pitisha sumaku kwenye milango na kingo za bodi. Isiposhika, chini ya rangi kuna pata (ile ya kujazia mabonde), na juu ya pata kuna ajali.

Sasa fundi wa pili aunganishe mashine. Asome makosa yaliyopo, na aangalie kama kumbukumbu ya makosa imefutwa karibuni. Asome kilomita zilizohifadhiwa kwenye kompyuta kama mashine yake inaweza, alinganishe na za dashibodi. Usijali sana kilomita zenyewe. Jali uongo. Gari la kilomita 240,000 linalosema ukweli ni bora kuliko la 90,000 lenye pedeli zilizolika hadi chuma.

Hatua ya 7: Lijaribu kwenye njia yako mbaya

Kuzunguka mtaa na kiyoyozi kimewashwa si majaribio. Weka mafuta yako, mchukue muuzaji, pakia mzigo, na nenda kwenye ile barabara mbaya kuliko zote katika karatasi ya hatua ya 1.

Kwa watu wa Moshi mimi hupendekeza kupanda Kibosho au Uru na kurudi. Kwenda utaona nguvu na joto, kurudi utaona breki na kama gia inashika gari. Kwa wa Arusha, mlima wa Mto wa Mbu kupanda kuelekea Karatu unatosha kabisa. Tazama mshale wa joto. Ukipanda juu ya katikati, hapo hapo umepata jibu. Ukishuka, kanyaga breki kwa nguvu mara moja mahali salama: gari lisivute upande.

Ukifika sehemu ya vumbi au tope, weka fo wili. Kwenye Revo ni kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi, siyo mti kama wa gia. Magari mengi ya mjini fo wili yake haijawahi kuguswa na imeganda. Usiijaribu juu ya lami kavu, utaumiza gia boksi ambayo bado si yako.

Muuzaji akikataa mzigo, mwombe basi abiria wanne wanene. Akikataa hata hilo, ujue anaujua huo mlima.

Hatua ya 8: Karatasi

Hapa nitakuwa mfupi, lakini usiruke.

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia mbele karibu na tairi, ilingane na ya kadi, herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kama kadi iko benki, malipo yafanyike benki, mbele ya ofisa, siyo kwa ahadi ya "nitaichukua nikilipwa". Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Mkataba uandikwe na wakili, na uhamisho TRA ufanyike wiki ileile.

Sisi wa mpakani tuna tahadhari ya ziada. Magari yenye namba za Kenya yanayoingia kwa kibali cha muda Namanga au Holili huonekana rahisi mno. Urahisi huo ni kodi ambayo haijalipwa, na atakayeilipa ni wewe utakayekutwa nalo.

Hatua ya 9: Panga kuuza la zamani

Usiuze kabla gari jipya halijapita hatua ya 6 na 7. Ukishauza, una hela mfukoni na huna gari, na hiyo ndiyo hali ambayo madalali wanaipenda kuliko zote. Pia usilitengeneze lote ndipo uuze: zile milioni 7 hazirudi kwenye bei. Lioshe, rekebisha taa zilizokufa, mwaga oili, mwambie mnunuzi ukweli kuhusu yaliyobaki. Vigo inauzika hata ikiwa mbovu. Hilo nalo liingie kwenye hesabu zako, kwamba huna haja ya kukimbilia.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

Kununua namba ya gari badala ya gari. "Ni namba E!" Namba inasema lini gari lilisajiliwa hapa, haisemi lilitengenezwa lini. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Kutumia hela yote kwenye kununua. Baki na walau milioni mbili au tatu za mwaka wa kwanza. Revo iliyopaki kwa kukosa nozeli haina tofauti na 5L iliyopaki, isipokuwa majirani wanaisema zaidi.

Kuruka kutoka 5L kwenda Revo na kubaki na fundi yuleyule wa nyundo na spana kumi na saba. Fundi mzuri, namheshimu, lakini gari limebadilika. Tafuta wa pili kabla hujahitaji.

Kuchagua 2.4 kwa kazi ya 2.8 kwa sababu ya bei. Mjini 2.4 inatosha na kubaki. Kwa mzigo wa mlimani kila siku utaichosha.

Ukikwama

*Mafundi wawili wamesema tofauti.* Waulize kila mmoja akuoneshe kwa kidole. Anayesema "pampu imekufa" aoneshe kipimo cha mashine. Asiyeweza kuonesha, usimlipe.

*Muuzaji hataki kompyuta iunganishwe.* Umeokoa hela ya fundi. Asante, kwaheri.

*Hesabu zimekaribiana sana.* Tengeneza kwanza yale makubwa ya la zamani, yote kwa mara moja: nozeli, chujio la oili, belti. Likae miezi sita huku ukiendelea kuandika matumizi. Mara nyingi namba za miezi hiyo ndizo zinazoamua.

*Umeshanunua, taa ya injini imewaka wiki ya kwanza.* Usimruhusu mtu aifute kabla haijasomwa na kuandikwa. Kama ulitoka njia ya vumbi, anza na vitu rahisi: chujio la hewa na sensa ya hewa iliyo nyuma yake. Vumbi la Longido likipita chujio lililofungwa vibaya na kukaa kwenye sensa, gari linapoteza nguvu kama limebeba nyumba. Kisha chujio la dizeli, mwaga maji yaliyokaa chini yake. Hayo yote hayafiki bei ya nozeli moja.

*Gari lako la zamani halipati mnunuzi.* Angalia picha zako. Kama umepiga jioni, mbele ya banda la ng'ombe, na bodi imejaa majani ya migomba, tatizo si bei. Lioshe, lipige saa nne asubuhi, pande zote nne, na picha moja ya dashibodi likiwa limewashwa ili kilomita zionekane.

*Mwenza wako hataki.* Mpe karatasi ya hatua ya 1 na ya 4, umwache asome peke yake. Mke wangu alisoma ya kwangu mwaka juzi, akageuza nyuma akaandika: "Nozeli, rejeta, matairi mawili. Zinazobaki, paa la jikoni." Vigo bado ipo. Jikoni hakuvuji.